Mkono Upi Ubaki na Fimbo?

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu wa mshipi, kaka na dada zangu, na nyinyi mliokuja na rili mpya ambazo hazijaonja maji: asanteni kwa kunialika.

Swali nililopewa leo ni fupi. Mtu anataka kununua rili yake ya kwanza ya beitikasta, ile mashine ya kukunjia mshipi inayokaa juu ya fimbo, na bobini yake, yaani gurudumu linalobeba mshipi, huzunguka wakati wa kutupa. Anaambiwa zipo za mpini kulia na za mpini kushoto, mpini ukiwa ule unaozungushwa ili kukusanya mshipi. Achukue ipi? Mara nyingi anajibiwa kwa swali jingine: "Kwani wewe unaandikia mkono gani?" Akisema wa kulia, anakabidhiwa ya kulia, mambo yamekwisha. Nimefundisha watu kutupa kwa miaka mingi, na jibu hilo linaniuma, maana nimeona wavuvi wazuri wakipoteza samaki kwa ajili yake bila kujua kilichowaponza. Kalamu haihusiki hapa. Cha kuuliza ni hiki: chambo kinapogusa maji, ni mkono gani unaotakiwa kuwa umeshika fimbo?

Niwaeleze nilivyofika hapo. Asubuhi moja, maji yametulia tuli, nilikuwa natupa jigi, ndoana yenye kichwa kizito cha risasi, kwenye mti ulioangukia majini. Mimi ni mtu wa mkono wa kulia, na rili yangu ilikuwa ya mpini kulia, kama zilivyokuwa rili zangu zote tangu nianze. Nilitupa, jigi ikatua palepale nilipotaka, kati ya matawi mawili. Nikafanya nilichokuwa nimekifanya maelfu ya mara: nikaanza kuhamisha fimbo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, ili wa kulia ukashike mpini. Katikati ya kuhama, fimbo ikiwa haijawa ya huku wala ya kule, mshipi ukasogea pembeni kama shibiri moja. Niliuona kwa macho. Mkononi sikuhisi kitu. Mkono wa kulia ulipoufikia mpini na nilipovuta, nilikuwa navuta tawi. Samaki alikuwa ameonja chuma, ameitema, amekwenda zake.

Nikatupa tena baada ya muda. Kitu kilekile, sekunde ileile. Mara ya pili ndipo nilipokaa chini nikaitazama mikono yangu.

Tuiangalie rili yenyewe. Hii hapa nimeifungua kifuniko, ipitisheni mkono kwa mkono, msiogope grisi. Upande wa mpini ndiko kulikojaa kila kitu: gia kubwa, gia ndogo, klachi inayoiachia bobini unapobonyeza kwa kidole gumba, beringi inayozuia mpini usirudi nyuma, dragi, ile breki inayomwachia samaki mshipi akivuta kwa nguvu, pamoja na nyota yake ya kukazia, na kifundo kidogo cha kubana ekseli ya bobini. Upande wa pili kuna breki za kutupia tu, za sumaku au za vijiti vidogo vinavyosukumwa nje na mzunguko, basi. Ndiyo maana mpini hauhamishiki. Rili ya spiningi, ile inayoning'inia chini ya fimbo, unafungua mpini, unautoa kulia, unaupeleka kushoto, hata dakika haiishi. Hii huwezi. Kuuhamisha mpini kungekuwa kuihamisha mashine nzima. Upande ulioununua ndio utakaokaa nao.

Sasa piteni kidole kwenye upande usio na mpini. Hakuna nyota pale, hakuna kifundo cha kukuchoma. Kifuniko kimeviringwa kama kokoto la mtoni, na kimeviringwa hivyo kwa ajili ya kiganja. Mkono unaoikumbatia rili pale ndio mkono wa fimbo. Kwa hiyo rili yenye mpini kushoto imelainishwa upande wa kulia, kwa ajili ya kiganja cha kulia. Ukiifikiria kwa kiganja badala ya mpini, hiyo inayoitwa "ya kushoto" ni rili ya mtu anayeshikia fimbo mkono wa kulia.

Na hapa lugha ya kibiashara inawaponza wengi. "Ya kushoto" kwenye boksi maana yake ni kwamba mpini uko kushoto, unazungushwa kwa mkono wa kushoto. Haina maana kwamba ni ya mashoto. Nilikuwa na mwanafunzi, kijana mashoto kabisa, anatupa kwa kushoto vizuri sana. Muuzaji mmoja alimwambia, kwa nia njema nadhani, kwamba yeye ni wa kushoto basi achukue ya kushoto. Akaja nayo. Kila anapotupa kwa kushoto inambidi aihamishie fimbo kulia ili kushoto kushike mpini. Aliteseka hivyo msimu mzima akidhani tatizo ni mikono yake. Nilimpa rili yangu ya zamani ya mpini kulia, ile ya kawaida kuliko zote, akatupa kwa kushoto, mkono wa kulia ukashika mpini hapohapo. Aliniangalia kana kwamba nimemficha kitu. Mashoto wengi hawajui kwamba rili zilizojaa kila mahali, ambazo wanaambiwa si zao, ndizo zinazowafaa bila kuhamisha chochote.

Kwa wanaonunua, alama za kutazama ni rahisi. Kampuni ya Shimano kwa rili za mpini kushoto kwa kawaida huweka tarakimu 1 mwishoni: 200 mpini kulia, 201 mpini kushoto, 150 na 151 vivyo hivyo. Rili za Ambassadeur nazo zimekwenda kwa mtindo huo, 5500 na 5501. Kampuni ya Daiwa huongeza herufi L mwishoni mwa jina kwa za mpini kushoto. Someni hiyo alama kabla ya kulipa.

Mtaniuliza, kama hoja ni nzito hivyo, mbona za mpini kulia zimetawala? Naamini ni mazoea yaliyorithiwa. Rili za aina hii zilipata umbo lake Marekani, katika jimbo la Kentucky, mwanzoni mwa karne ya 19, mikononi mwa mafundi saa. George Snyder wa mji wa Paris katika jimbo hilo ndiye anayetajwa mbele ya wote, kisha wakafuata ndugu wawili wa ukoo wa Meek. Ukifikiria, kazi ile ilimstahili fundi saa: gia ndogo zinazozunguka bila kelele, mzunguko mmoja wa mpini ukizungusha bobini mara 4 hivi. Rili hizo hazikuwa na kifaa cha kupanga mshipi. Mvuvi alizungusha kwa mkono mmoja, na vidole vya mkono wa fimbo vikawa vinaupanga mshipi huku na huku usirundikane. Kifaa cha kuupanga chenyewe alikuja nacho William Shakespeare Jr. wa Kalamazoo, Michigan, karne hiyo ikiwa inaisha. Mwaka 1952 kiwanda cha ABU cha Svängsta, Sweden, kikatoa Ambassadeur 5000, ile nyekundu ambayo wazee waliopo hapa wanaikumbuka kwa mapenzi. Nayo mpini wake ulikuwa kulia. Mtoto alimwona baba yake anahamisha fimbo, akahamisha. Viwanda vikatengeneza kinachonunuliwa, watu wakanunua kinachotengenezwa. Hadi leo katika aina nyingi za rili utakuta za mpini kushoto zina uchaguzi mdogo wa gia kuliko wenzake wa kulia, na hilo ni lalamiko langu la haki kwa watengenezaji.

Haya, turudi kwenye ile sekunde ya mti ulioanguka, maana hapo ndipo kesi inapoamuliwa.

Unatupa kwa mkono wa kulia. Kidole gumba cha kulia kimeiachia bobini, inazunguka kwa kasi, mshipi unatoka. Chambo kinapoanza kushuka kuelekea maji, kidole gumba kinarudi juu ya mshipi, kinaupapasa tu, kama unavyopapasa kichwa cha mtoto aliyelala. Chambo kinagusa maji, kidole kinakandamiza, bobini inasimama. Ukichelewa, chambo kimesimama lakini bobini bado inazunguka, inatoa mshipi usio na pa kwenda, na unabaki na fundo juu ya fundo. Kwa hiyo kidole gumba cha kulia hakina ruhusa ya kuondoka kabla ya chambo kutua. Kumbukeni hilo.

Sasa chambo kimetua. Kama mpini uko kulia, ndipo uhamisho unapoanza: mkono wa kushoto uje kuikamata rili, kidole gumba cha kushoto kichukue nafasi ya mwenzake juu ya bobini, mkono wa kulia uachie, uzunguke upande, uutafute mpini, uuzungushe. Ni mpaka pale mpini unapozunguka ndipo klachi inaposhika. Kabla ya hapo bobini iko huru kabisa. Samaki akichukua chambo katikati, huna cha kumzuia ila kidole kinachopokezana zamu na kingine. Hata aliye mwepesi wa mikono anatumia muda wa kulitamka neno "samaki" taratibu. Na samaki wa aina ya besi, kwa mfano, wana tabia ya kukipokea chambo kikiwa bado kinashuka. Wengi wanaouma jigi au mnyoo wa plastiki huuma wakati huohuo ambao sisi tunapanga vidole.

Kama mpini uko kushoto, kidole gumba cha kulia kinaisimamisha bobini na kinabaki palepale. Mkono wa kushoto hauna kazi nyingine, umeshafika kwenye mpini chambo kikiwa angani. Robo mzunguko, unasikia ta! na klachi imeshika. Fimbo haijatikisika. Ule mkono uliokipeleka chambo, unaojua kiko wapi na kimekwenda na uzito gani, ndio unaosikiliza kinavyoshuka.

Kuna wanaosema tofauti ni sekunde moja tu. Ni kweli ni sekunde moja, ila inajirudia siku nzima. Chukua bobini ya kipenyo cha milimita 34, imejaa mshipi, na gia ya 7.1 kwa 1, yaani mzunguko mmoja wa mpini unazungusha bobini mara 7.1. Kila mzunguko wa mpini unaleta sentimita 75 hivi. Ukitupa mita 30, unarudisha kwa mizunguko kama 40. Ukitupa mara 200 kwa siku, na mvuvi anayetafuta samaki kwa bidii hutupa zaidi ya hapo, umezungusha mpini mara 8,000. Na fimbo umeihamisha mara 400, kwa sababu kila mtupo una kwenda na kurudi: kulia kwenda kushoto ili uzungushe, kushoto kurudi kulia ili utupe tena. Nusu ya hizo, mara 200, chambo kiko majini na mtego umekuwa wazi.

Katika mitupo mifupi ndipo inaumiza zaidi. Ile ya kusukumia chambo kwa chini, mita nane au kumi, kwenye kila shimo la majani na kila kisiki, unatupa, unasubiri kishuke, unachezesha kidogo, unakusanya, unatupa tena. Pale karibu kila samaki anauma ndani ya sekunde chache za kwanza. Wako mafundi wa mitupo hiyo, watu wa mkono wa kulia wenye rili za mpini kulia, ambao wamejifundisha kusukuma kwa mkono wa kushoto ili wasihamishe fimbo. Nawaheshimu sana. Lakini tazameni walichokifanya: wameona kuhamisha hakufai, wakabadilisha mkono wa kutupia badala ya rili. Ukiwa ndiyo kwanza unaanza, kubadilisha rili ni rahisi zaidi.

Sasa hoja ya upande wa pili, nayo ni ya kweli, sitaki kuipita juu juu. Kuzungusha nako ni kazi. Kuna chambo bandia chenye ulimi mrefu mbele kinachopiga mbizi mita nne, tano. Kinavuta maji kama ndoo. Kukizungusha siku nzima kwa mkono usiozoea ni adhabu. Bega linapanda, kiwiko kinatoka nje, na baada ya saa mbili mzunguko umekuwa yai badala ya duara. Kwa uvuvi huo chambo kinatupwa mbali, samaki wengi wanauma kikiwa mwendoni, na ile sekunde ya kutua ina thamani ndogo. Hapo mpini kulia kwa mtu wa kulia una mantiki, na simlaumu anayeuchagua. Ukiongeza gia ya chini, 5 kwa 1 au karibu na hapo, na mpini mrefu kidogo, mkono wako wenye nguvu unafanya kazi yake. Baharini hali kadhalika, kwenye samaki wakubwa ambao fimbo imechomekwa kwenye mkanda wa kiunoni. Fimbo inashikiliwa na mkanda na mgongo, mkono wa kushoto unaielekeza tu, na nguvu yote iko kwenye mpini. Rili kubwa za bahari karibu zote ni za mpini kulia, na kwa watu wengi ziko sawa.

Lakini angalieni fimbo inafanya nini katika uvuvi mwingine. Kuchezesha chambo cha juu ya maji kitembee upande hadi upande kama mtu aliyelewa, hiyo ni kazi ya kifundo cha mkono wa fimbo: pigo dogo, legeza, pigo dogo, legeza. Kuburuta jigi juu ya mawe na kujua hili ni jiwe, hili ni gogo, hili ni tope, hili ni mdomo wa samaki, hiyo nayo ni kazi ya mkono wa fimbo. Mpini unakusanya tu mshipi uliolegea. Nawauliza, mkono wako stadi, ule unaoweza kuingiza uzi kwenye tundu la sindano, utaupa kazi ipi kati ya hizo mbili?

Wapo ambao watajibu tofauti na mimi kwa sababu mikono yao iko tofauti na yangu, kwa hiyo niwape kipimo ambacho hakihitaji kununua kitu. Chukua rili yoyote ya spiningi, yako au ya kuazima, kwa sababu mpini wake unahamishika. Funga risasi ndogo au chambo kisicho na ndoana. Weka mpini kulia, tupa, kisha usitazame chambo. Tazama ncha ya fimbo. Zungusha polepole kwa mwendo mmoja. Kisha hamishia mpini kushoto ufanye vilevile.

Utaona kitu. Kwa mkono mmoja ncha ya fimbo inatulia. Kwa mwingine inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kila mzunguko wa mpini. Mkono wa kuzungusha umeshindwa kuzunguka peke yake, unauvuta mwili, mwili unaivuta fimbo. Ncha inayopanda na kushuka inakificha chambo: kile kigusio kidogo cha samaki kinapotea ndani ya mtikisiko wako mwenyewe. Rudia mara kumi kila upande. Halafu fanya sehemu ya pili. Simamisha mpini, uache chambo kifike chini, na kiburute kwa fimbo peke yake, macho yamefungwa. Mara kumi kwa kila mkono. Mwambie mwenzako aguse mshipi kwa kidole mbele ya fimbo bila kukuambia. Ni mkono gani uliomhisi haraka?

Rili ya spiningi inakaa chini ya fimbo na beitikasta inakaa juu, kwa hiyo ushikaji hauko sawasawa. Bado kwa swali letu inatosha, maana unaupima mkono wa kuzungusha na mkono wa kusikiliza. Na wengi wenu mtagundua kitu ambacho mmekuwa mkikifanya bila kukifikiria: watu wengi wa mkono wa kulia wanaovua kwa spiningi tayari wanazungusha kwa kushoto. Wanatupa kwa kulia, wanashika kwa kulia, wanazungusha kwa kushoto, wala hawalalamiki. Wakiingia kwenye beitikasta wanaambiwa wageuze kila kitu. Kwa nini? Kama mkono wako wa kushoto umezungusha spiningi miaka mitano, umeshajifunza. Usiupokonye kazi.

Nilipobadilisha mimi, baada ya ule mti, siku ya kwanza ilikuwa mbaya. Mkono wa kushoto ulizungusha kwa mishtuko, na mara tatu nilijikuta nahamisha fimbo bila sababu, nikaukosa mpini upande ambao haupo. Jambo jingine lilinishangaza. Mtu wa kulia akitupa huwa anageuza kifundo cha mkono, mgongo wa kiganja uangalie juu. Ukiwa na mpini kulia, ukigeuza hivyo mpini unaangalia juu. Ukiwa na mpini kushoto, unaangalia chini. Mara ya kwanza unahisi rili imening'inia vibaya, uzito umehama. Siku ya tano nilikuwa sihisi tena. Lakini kuufundisha mkono wa kushoto kuusoma mkwaruzo wa jigi kwenye changarawe, hilo nilikuwa nimelijaribu miaka yote na sikulifikia. Kwa mikono yangu, kuzungusha kulikuja ndani ya siku chache, na kusikiliza hakukuja kabisa. Wanafunzi wangu wengi wameniambia hivyohivyo, ingawa siyo wote.

Nimewahi kuulizwa kama inafaa kuwa na zote mbili, mpini kulia kwa vyambo vizito vya kupiga mbizi, mpini kushoto kwa jigi na minyoo. Wako wanaofanya hivyo na wanafanikiwa. Ushauri wangu kwa anayeanza ni asubiri. Mwaka wa kwanza vidole vinatafuta njia moja ya kukumbuka. Ukivipa mbili, samaki mkubwa akija vitachanganyikiwa. Aliyekwisha kuwa na mkono mmoja uliokomaa anaweza kuongeza wa pili. Na kama tayari una rili nne za mpini kulia, unahamisha fimbo kwa wepesi, unavua kwa furaha, kaa nazo. Sikuja hapa kumtia mtu hasara. Anza tu kujichunguza: hesabu ni samaki wangapi wanaouma kabla hujaushika mpini. Ukiona ni wengi, utajua la kufanya.

Niliseme pia la maumivu, kwa sababu wazee watatu waliniuliza kabla sijapanda hapa. Kiwiko au kifundo kikianza kuuma, tazama kinafanya kazi gani. Kama kinauma kwa kuzungusha, mpini upande wa pili ni pumziko. Kama kinauma kwa kushikilia na kuchezesha fimbo, basi pumziko ni kuibadilisha fimbo mkono. Namjua mama mmoja ambaye bega lake la kulia liligoma kabisa kutupa. Akajifunza kutupa kwa kushoto akiwa na rili zilezile za mpini kulia alizokuwa nazo siku zote, na sasa hahamishi fimbo tena. Ilimchukua majira mawili ya uvuvi. Anatupa kwa usahihi kuliko mimi.

Kwa watoto mnaowafundisha, nawaomba kitu kimoja kwa moyo wote. Usimpe mtoto rili kwanza. Mpe fimbo tupu, haina mshipi, mwambie ajifanye anatupa kisha asubiri samaki. Nimefanya hivi na watoto wengi. Mtoto anatupa, na fimbo inabaki kwenye mkono uliotupa. Anasimama hivyo, ameielekeza kwenye maji ya kuwaziwa, anangoja. Mkono mwingine uko wazi, unaelea karibu na kiuno, unatafuta cha kufanya. Upande huo wa mkono unaotafuta kazi ndio upande wa mpini wake. Hajasoma boksi, hajaambiwa na mtu. Mkitazama kwa makini mtaliona jibu kabla hamjafungua mdomo.

Nimeleta fimbo mbili za urefu mmoja. Ile ya kushoto kwenu ina rili ya mpini kulia, hii nyingine ina ya mpini kushoto, gia zao ni sawa, mshipi ni uleule, na vyambo havina ndoana. Pale uwanjani nimeweka beseni umbali wa mita kumi. Tupeni kwenye beseni, msimamishe bobini, na mtu mwingine akae karibu nalo ashike mshipi chambo kinapotua, auvute kidogo bila kuonya. Kila mmoja mara kumi kwa kila fimbo. Tuanze na wale ambao rili zao bado ziko kwenye maboksi, na tafadhali risiti mzitunze.